Namna ya kupanga mabeki wawili wa kati kwenye Football Manager

Wakuu, kuna sehemu moja ya taktiki kwenye Football Manager (FM), ile game ya kuwa kocha wa timu, ambayo watu wanaipita haraka halafu ndiyo inawagharimu msimu mzima, nayo ni mabeki wawili wa kati. Mtu anakaa masaa mawili anapanga winga na straika, akifika kwa mabeki anaangalia kile kiduara cha kijani cha kuonyesha mchezaji anafaa wapi kimejaa wapi, anabonyeza, anasevu, anaenda mechini. Mechi ya tatu anafungwa goli lile lile mara mbili, mpira unapita katikati, straika anabaki na kipa peke yao, na lawama zote zinaenda kwa kipa. Hapa naongelea toleo la FM24 maana ndiyo nimecheza zaidi, FM25 yenyewe walishaifuta haikutoka, na FM26 iliyotoka Novemba 2025 nitaigusa huko mbele.

Kitu cha kwanza, acha kumpanga beki mmoja mmoja. Hawa wanapangwa wawili kwa pamoja. Usiulize "huyu anafaa kuwa nani", uliza "mwenzake akitoka, huyu anabaki wapi". Hata mchangani kila mtu analijua hili, beki mmoja akienda kukata mpira utasikia kipa anapiga kelele mwenzake abaki. Game inafuata akili hiyo hiyo, ila yenyewe haikupigii kelele.

Sasa majina, maana ndiyo yanachanganya. Kila beki ana vitu viwili, aina yake na amri aliyopewa. Aina ziko tatu kwenye mabeki wawili: CD ni beki wa kawaida, anakaba na akipata mpira anatoa pasi rahisi, BPD ni beki anayeruhusiwa kucheza, atajaribu pasi ndefu na za kupenyeza, na NCB ni yule wa kuondosha, mpira ukimfika anaupiga mbele na hana mjadala. Amri nazo tatu: difendi anakaa kwenye mstari na wenzake, stopa anapanda mbele ya mstari kumuwahi mtu kabla hajageuka, kava anashuka kidogo nyuma ya wenzake kusubiri mpira unaopita. Watu wengi wanahangaika na aina wakati magoli mengi yanatokana na amri.

Na amri unaichagua baada ya kujua mstari wako wa ulinzi uko wapi. Hili nililijua kwa kuumia. Savu yangu moja, yaani mchezo niliouhifadhi, nilikuwa na timu ya daraja la pili Uingereza, tunakaba juu, mstari wa ulinzi nimeupandisha, mtego wa kuotea nao nimeuweka, yaani mabeki wapande pamoja straika wao abaki ameotea, halafu beki wa kati wa kulia nimempa stopa na wa kushoto kava kwa sababu kichwani nilikuwa na picha ya Vidić na Ferdinand, wale mabeki wa kati wa zamani wa Manchester United. Mechi tatu mfululizo nikafungwa. Nikaamua kuangalia mechi nzima badala ya vipande, kamera ile ya juu ya vidoti, na kila nikinusa hatari nasimamisha. Dakika ya sitini na kitu hivi kiungo wao anapokea mpira katikati, straika wao anashuka kumfuata, stopa wangu anatoka naye, mafulubeki wangu wako juu karibu na mstari wa kati, na yule wa kava yuko peke yake hatua tatu nyuma ya kila mtu. Winga wao kasimama kwenye ile nafasi kati ya kava na mafulubeki, na haotei, kwa sababu ya nani? Kwa sababu ya kava wangu. Pasi moja tu ikapigwa, tayari. Nikarudi kuangalia magoli mengine, ni picha ile ile.

Kwa hiyo ukitumia mstari wa juu na mtego wa kuotea, wote wawili wape difendi. Mtego unataka watu wanne wapande pamoja, ukimwambia mmoja abaki nyuma umeuharibu wewe mwenyewe. Mimi nilibadilisha hilo peke yake, sikugusa kitu kingine, na mechi iliyofuata nikaanza kuona kibendera kinanyanyuliwa kwenye zile pasi zilizokuwa zinaniua.

Stopa na kava zinafanya kazi, sisemi hazifai. Zinafaa mstari ukiwa wa kawaida au wa chini, hasa mpinzani akija na mastraika wawili, mmoja jitu la kupokea mipira ya juu na mwingine mwenye mbio anayesubiri mpira uangushwe. Hapo stopa anagombana na yule jitu na kava anafagia. Ile United ya 2008/09 iliyokaa mechi 14 za ligi mfululizo bila kuruhusu goli, kipa Van der Sar akamaliza dakika 1,311 hajaokota mpira wavuni, wengi wanaikumbuka hivyo, Vidić anaenda na kichwa, Ferdinand anamalizia usafi nyuma. Ila angalia Ferdinand alikuwa mtu wa aina gani, alikuwa na mbio na alikuwa anasoma mchezo mapema. Ukimpa kava beki mzito kwa sababu tu mwenzake umempa stopa, umepanga majina, ulinzi bado hauna.

Kwa hiyo kwenye namba za uwezo wa mchezaji, zile za 1 hadi 20, stopa mtafutie ushujaa, ukali, nguvu, kukaba na uwezo wa kuruka. Huo wa kuruka uangalie kabla ya ule wa kupiga kichwa, maana beki anayejua kupiga kichwa lakini haufikii mpira atabaki anautazama. Kava mtafutie kasi, kusoma tukio mapema, kujipanga, umakini na maamuzi. Umakini watu hawauangalii kabisa na ndio unaokuchoma dakika ya 85. Na usiulize kama 12 ni nzuri au mbaya hivi hivi, fungua mastraika wa ligi yako uone wana kasi ngapi, 12 inakutosha daraja la chini na inakuaibisha juu.

Halafu kuna kiungo mkabaji, na hapa ndipo naona makosa mengi kwenye taktiki za watu. Kama una namba 6 anayekaa mbele ya mabeki muda wote, stopa wa nini? Ile nafasi anayopanda kwenda kukaba tayari ina mtu. Matokeo yake wanakuwa wawili kwa mtu mmoja na nyuma kabaki beki mmoja na uwanja mzima. Stopa anahitajika kwenye 4-4-2 au fomesheni yoyote ambayo hakuna mtu kati ya viungo na mabeki, hasa ukikutana na timu yenye namba 10, kiungo mshambuliaji, anayependa kupokea hapo katikati na kugeuka. Ukiwa na namba 6, mabeki wawili difendi, tulia.

BPD nae. Mmoja anatosha kwa timu nyingi, na awe na utulivu, mguso wa kwanza, pasi na kuona mbali, sio pasi peke yake. Beki mwenye pasi 14 na utulivu 8 atakupa pasi nzuri siku ambayo hakuna anayemkaba, akikabwa na mastraika wawili anaupeleka mpira kwa adui. Kama upande wa kushoto unaye anayetumia mguu wa kushoto, huyo ndiye umpe, mpira unamtoka vizuri kwenda kwa fulubeki bila kujipinda. Na kama namba 6 wako ndiye mchezeshaji, anayeshuka kuomba kila mpira, basi BPD hana kazi kubwa, wanagombania mpira ule ule, CD wa kawaida atampa mpira na yaishe.

Kingine fungua ukurasa wa mchezaji uangalie tabia zake. Kuna mabeki wana tabia ya kutoka na mpira nyuma kwenda mbele. Mzuri sana huyo, ila usimuweke na stopa, siku wote wawili watatoka dakika moja na utajuta.

NCB watu wanamdharau na mimi sikubaliani nao. Timu inayopigania kubaki ligini, mabeki wasio na mguu wa pasi, kwa nini uwalazimishe wacheze pasi ndani ya boksi? Wape NCB waondoshe, tafuta straika mrefu mbele. Ila kwenye timu ya kumiliki mpira usimweke, ataupiga mbele hata akiwa peke yake, na mpira unarudi na watu wake.

Mabeki watatu nitapita haraka. Mpangilio salama ni wa katikati kava na wa pembeni difendi au stopa, kwa sababu wa pembeni akitoka bado nyuma kuna wawili. Mpinzani akiwa na straika mmoja tu anayeshuka, unaweza kugeuza, wa katikati awe stopa amfuate, wa pembeni wakae difendi. WCB, yule wa pembeni anayepanda kama fulubeki, alianza FM22, mpe upande mmoja tu kati ya viwili na wingibeki wa upande huo mpunguzie kupanda. Ukimtumia libero katikati, yule beki anayepanda mpaka kwa viungo, wale wawili wa pembeni wasitoke.

Kwa walio FM26, timu sasa ina umbo mbili, ikiwa na mpira na ikiwa haina, na kila mchezaji ana kazi mbili. Maswali ya stopa na kava yako kwenye ukurasa wa timu ikiwa haina mpira, swali la nani anacheza pasi liko kwenye ule mwingine. Mimi naona ni bora, maana kazi zimetenganishwa wazi, ukurasa mmoja unamwambia beki acheze mpira, ule mwingine unamwambia mpira ukipotea abaki nyuma. Ila mambo ya mstari na namba 6 ni yale yale.

Ukishapanga, usiguse kwa mechi tatu au nne. Halafu angalia magoli uliyofungwa, na usianzie kwenye shuti, rudisha nyuma mpaka ile pasi ya mwisho na uone mabeki wako walikuwa wapi wakati inapigwa. Krosi au kona, tatizo linaweza lisiwe amri kabisa. Pasi ya katikati, amri ndiyo ya kwanza kuichunguza.

Ile savu yangu niliimaliza hivi: kushoto kijana wa miaka 19 mguu wa kushoto, BPD difendi, kulia beki mkongwe CD difendi, mbele yao namba 6 asiyepanda. Nikienda ugenini kwa timu kubwa nashusha mstari hatua moja, nazima mtego wa kuotea, kijana nampa kava kwa sababu ana mbio, mkongwe namuacha alipo. Mechi ikiisha, kabla sijafungua hata ukurasa wa mechi inayofuata, naenda kwenye taktiki naitoa ile kava.