Mikono Inatetemeka? Jipange Kabla ya Kwenda Kupima Tezi

Tezi dundumio, ile ya mbele ya shingo, ikizidisha homoni, mikono hutetemeka, mtetemo mdogo wa haraka. Wachache sana hupata jingine: vidole, mabega au uso hurukaruka vyenyewe, hali ambayo madaktari huiita korea (haihusiani na nchi). Usikae ukisingizia wasiwasi. Kapime damu: T4 na T3, homoni za tezi yenyewe, na TSH, homoni inayoiamrisha tezi, ambayo hushuka tezi ikizidisha.

Kabla hujaenda, jirekodi video, maana viungo vinavyorukaruka nyumbani vinaweza kutulia kabisa ukifika kwa daktari. Nyoosha mikono, weka karatasi juu ya vidole, rekodi hapo pia. Hesabu mapigo ya moyo ukiwa umetulia. Punguza kahawa. Una pumu au mimba? Sema kabla hujaulizwa. Propranololi, dawa ya kutuliza mtetemo, inaweza kumbana kifua mwenye pumu, na dawa ya pumu ya kuvuta nayo hutetemesha mikono.

Sasa lililonikuta mimi. Nywele zilikuwa zinanyonyoka, kazi ya tezi hiyohiyo, nikanunua vidonge vya nywele vyenye biotini, aina ya vitamini B, miligramu 10. Mtu mzima anatosheka na maikrogramu 30 kwa siku! Sikumtajia daktari, vitamini nayo ni dawa? Baada ya miezi miwili ya kabimazoli, dawa ya kupunguza homoni za tezi, mikono ilitulia hata nikaweza kutunga uzi kwenye sindano. Damu ikasema tezi bado inakimbia. Dozi ikapandishwa. Majibu yakarudi yaleyale, ikapandishwa tena. Nikavimba uso, baridi haiishi, choo kigumu, usingizi mchana kutwa. Kumbe biotini huvuruga baadhi ya vipimo vya maabara: TSH husomeka chini na T4 juu, hata kama dawa imeshaizima tezi. Aliyegundua ni daktari mwingine, aliyenishika mikono kabla ya kusoma karatasi. “Mikono hii na majibu haya si vya mtu mmoja,” akasema, kisha akaniuliza namaliza siku nikimeza nini na nini.

Acha biotini angalau siku 2 kabla ya kupima, na taja kila unachomeza, hata cha urembo.

Ukiwa kwenye kabimazoli, homa au koo kuuma usiyaite mafua: simamisha dozi, kapime seli nyeupe za damu siku hiyohiyo, maana dawa hii inaweza kuzishusha. Propranololi usiikatishe ghafla. Majibu ya zamani usitupe. Na vidonge vya jirani usiguse, hata kama mnatetemeka sawasawa.