Kata majani ya uwani kama unachora kanga: pindo, mji mpaka jina

Wadau wa Njiro na Sakina za Arusha, Shanty Town ya Moshi na wote wenye kauwanja ka ukoka mbele ya nyumba, masika ndo haya, unakata Jumamosi hii na Jumamosi ijayo yako tena juu ya kiatu. Wengi wanaona kero wanamwita kijana wa fyekeo yaishe. Mi naipenda hii kazi aisee, maana kila wiki unapata nafasi ya kuchora kitu kipya na majirani wakipita getini wanakiona.

Kwanza ujue michoro inatokeaje. Ile mistari ya uwanja wa mpira kwenye TV sio rangi wala aina mbili za majani, ni majani yamelazwa tu. Jani lililolala kwenda mbali na wewe linakuonyesha ubapa wake, linarudisha mwanga, unaliona jepesi, na lililolala kuja kwako unaona ncha na kivuli basi linakuwa giza, ndo maana ukihamia upande wa pili rangi zinabadilishana. Leicester City msimu wa 2015/16, ule waliobeba ubingwa wa Uingereza, uwanja wao ulikuwa na mapambo ya kila aina, ila kuanzia 2017/18 ligi ikataka mistari iliyonyooka tu. Uwani kwako hamna sheria hiyo.

Shida ni kwamba ukoka wetu mfupi na mgumu haulali vizuri, alafu mashine nyingi za kusukuma huku hazina rola nyuma. Unaweza kujaza mchanga kwenye bomba la plastiki la inchi 4, uzibe pande zote uvute kwa kamba ukishakata, inasaidia kiasi. Lakini njia ninayoikubali zaidi ni kuchora kwa vimo viwili, na hapo kanga inakupa ramani yote: pindo kuzunguka, mji katikati, na jina.

Anza kwa kukata eneo lote sentimita 6. Usiondoe zaidi ya theluthi ya jani kwa mara moja, kwahiyo kama yamefika 9 ndo wakati wake, yakizidi hapo shusha kidogo kidogo kwa awamu mbili. Acha siku mbili tatu yapumue, kisha shusha mashine mpaka 4 upige pindo, mizunguko miwili kufuata ukuta au michongoma. Pindo lisiponyooka kanga yote inaonekana imepinda, kwahiyo piga vigingi, vuta kamba ya manila, na unapotembea angalia mbele mwisho wa kamba, usiangalie tairi. Katikati fanya unachotaka, zungusha duara kwenye mparachichi, au kata viboksi vya drafti watoto wacheze juu yake, au konokono mmoja mkubwa anayeanzia katikati kwenda nje, huyo mtamu sana kukata kwasababu hugeuzi mashine hata mara moja.

Jina sasa, hapa ndo napapenda kuliko pote. Mashine ya kawaida inakata upana wa kama sentimita 46, yaani mpito mmoja ni unene wa mstari mmoja wa herufi. Ipe kila herufi mita 1.5 upana na 2 urefu, na nafasi kati yake, basi KARIBU inataka kama mita 12. Huna mita 12 andika POA. Herufi zenye tumbo kama B na R zikate kwa kona, usijaribu kupinda. Mwenye fyekeo tu pia anaweza, chora kwanza kwa majivu alafu fyeka ndani ya alama taratibu.

Angalia kazi yako asubuhi au saa kumi na moja jioni jua likiwa chini, mchana kweupe vimo havionekani vizuri. Kukata subiri umande ukauke, saa nne hivi. Kisu kiwe kimenolewa, butu linachana ncha zinageuka kahawia na mchoro unafifia, ila ukitaka kukigusa chomoa waya wa plagi ya injini kwanza. Okota mawe na mifupa, watoto ndani, na kandambili hapana kabisa. Moshi jua ni kali kuliko Arusha, kwahiyo Januari na Februari pindo lisishuke chini ya 4.

Kila baada ya wiki kadhaa hamisha mchoro, tairi zikipita njia moja tu udongo unashindiliwa. Majani uliyokata tandaza membamba chini ya migomba, ukiyarundika yanachemka na kunuka. Na mbuzi usimpe kama mashine inavujisha oili.