Waifai inasuasua? Kagua ukuta kwanza

Jamani mnaokaa nyumba za kale hapa Amu (Lamu), kabla hujapiga simu kugombana na watu wa intaneti, chukua laptopu uichomeke kwa waya moja kwa moja kwenye ruta upime spidi, ikiwa iko sawa basi laini haina neno, shida ni ukuta. Kuta zetu za matumbawe na chokaa ni nene mno, ile waifai ya mawimbi ya 5 GHz inachoka mapema, chumba cha mbali tumia 2.4 GHz, spidi ndogo lakini inapenya zaidi. Mie ruta niliitoa kwenye zidaka (vile vishubaka vya ukutani) nikaitundika juu inatazama kiwanda cha ndani, yaani ua wa nyumba, wallahi tofauti kubwa. Na plagi za waya zikagueni kutu, hewa ya chumvi inazila.