Kumaliza kozi ya bure mtandaoni kwa simu na bando dogo

Kujiandikisha ni dakika mbili tu. Takwimu za kozi za vyuo vikuu vya Harvard na MIT vya Marekani kwenye edX, tovuti ya kozi za mtandaoni, zilizochapishwa 2019 zilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya waliojiandikisha hawakuingia darasani hata mara moja. Ni hasara kubwa, kwa sababu masomo yenyewe ni mazuri, na mengi yanayokwamisha watu yanaweza kupangwa mapema.

Amua kwanza unatafuta ujuzi au cheti. Kwa ujuzi, MIT OpenCourseWare, tovuti ya masomo ya chuo cha MIT, haidai akaunti wala ada, na kozi nyingi zina mazoezi na majibu yake, tayari kupakuliwa. Cheti hakuna. Ukitaka cheti cha bure, jaribu freeCodeCamp kwa uandishi wa programu, au OpenLearn ya Open University ya Uingereza, inayotoa hati ya ushiriki. Hati hiyo si diploma, kwa hiyo kwenye wasifu wa kazi iandike kwa jina lake.

Coursera, tovuti nyingine ya kozi, na edX zinahitaji umakini zaidi. Huko sehemu ya bure mara nyingi ni kutazama masomo tu, au sehemu yake. Mitihani inayosahihishwa na cheti hulipiwa. Kabla ya kuweka namba ya kadi, tafuta kwenye ukurasa wa kozi ya Coursera kiungo cha msaada wa ada, ueleze kipato chako na sababu zako kwa maneno yako mwenyewe. Jibu linaweza kuchukua wiki mbili hivi. Wengi huchoka kusubiri, wanabonyeza siku 7 za majaribio, wanasahau kusitisha, kisha pesa zinakatwa kwenye kadi.

Sasa bando. Saa moja ya video yenye ubora wa picha wa 720p inaweza kula GB 1 au zaidi. Kwa 360p ni karibu MB 300. Usishuke hadi 144p kwenye hesabu au programu, maana maandishi ya ubaoni hayasomeki, na utalazimika kurudia somo zima. Njia yenye nafuu zaidi ni kupakua maandishi ya somo, kuyasoma yote, kisha kufungua video pale tu ulipokwama. Pakua masomo ya wiki nzima mara moja, kwa Wi-Fi ya maktaba au bando la usiku. Maswali nayo yafanyie kazi kwenye daftari kwanza, ndipo uwashe data kujaza majibu.

Kozi ikiandikwa saa 4 kwa wiki, wewe tenga 7 kama Kiingereza kinakupa shida au huna kompyuta. Na kabla ya kujifunga, fungua zoezi la wiki ya kwanza na kulijaribu kwenye simu yako hiyo hiyo. Lisipofanyika humo, tafuta kozi nyingine siku hiyo hiyo.