SOMO: Kurasa za biashara kwenye Blogger bila kulipa hata shilingi moja

Kila wiki napokea ujumbe uleule: "Kaka, nisaidie ukurasa wa biashara, hela ya tovuti sina." Najibu, na jibu linabaki kwa mtu mmoja. Kesho yake mwingine anauliza neno kwa neno. Sasa naandika mara moja, na kuanzia leo atakayeniuliza nitamtumia hii.

Natumia Blogger, huduma ya kutengeneza blogu. Iko chini ya Google tangu 2003, haina ada ya mwezi, haibandiki matangazo usiyoyaomba, na kurasa zake zinafunguka hata kwa simu ya bei nafuu yenye mtandao wa kusuasua. Wengi hapa walikuwa wameweka biashara yote Facebook. Januari 2021 Facebook ilipofungwa Uganda, waliobaki kuwaona ni wateja wenye VPN (programu ya kukwepa kizuizi) tu. Kwa hiyo jengeni mahali ambapo mteja anafika kwa kugusa linki, bila akaunti, bila kuzunguka.

Neno moja kabla ya hatua. Ukurasa wa biashara una kazi moja: kumfikisha mteja pale anapoagiza. Nimeona watu wakimaliza siku tatu kwenye rangi na maandishi yanayometameta, halafu namba ya simu hakuna. Rangi ni ya mwisho. Mfano wangu wote utakuwa wa muuza kahawa ya Arabica ya Bugisu, ile ya miteremko ya Mlima Elgon, iliyokaangwa na kufungwa nusu kilo na kilo.

1. Ingia blogger.com kwa Gmail ya biashara. Isiwe Gmail ya mtu aliyekusaidia kununua simu.

2. Andika jina, chagua anwani. Iwe fupi, ya kusemeka: mtu aisikie juu ya boda na aiandike bila kuuliza mara mbili. Ukiibadilisha baadaye, ya zamani haimpeleki mtu kwenye mpya.

3. Chagua mandhari (theme), yaani sura ya blogu. Contempo au Emporio, zote za 2017, zinakaa vizuri kwenye simu. Endelea.

4. Tengeneza kurasa. Hapa soma polepole.

Blogger ina vitu viwili. Chapisho lina tarehe, na jipya linasukuma la zamani chini. Ukurasa hauna tarehe, unakaa palepale. Bidhaa mpya na habari za msimu ni machapisho. Bei, jinsi ya kuagiza na mahali ulipo ni kurasa. Tatu zinatosha.

Sasa anwani ya ukurasa. Kwenye chapisho unaweza kujiandikia anwani unayotaka. Kwenye ukurasa huwezi. Blogger inaichukua kwenye kichwa cha habari siku unapochapisha mara ya kwanza, na haibadiliki tena. Ukiandika "Bei Zetu za Kahawa Safi ya Bugisu kwa Jumla na Rejareja" ukabofya kuchapisha, umejifunga na anwani ndefu, mara nyingi imekatwa katikati. Dawa yake: andika kichwa kimoja tu, *bei*, chapisha, hakikisha anwani inaishia /p/bei.html, kisha rudi urekebishe kichwa kiwe kirefu unavyotaka. Kichwa kitabadilika, anwani itabaki fupi.

Onyo la kwanza: usifute ukurasa ili uutengeneze upya kwa jina lilelile. Mpya mara nyingi unaongezewa tarakimu mwishoni, na linki ya zamani inakufa. Mimi nilifuta hivyo ukurasa wa mteja, na kadi zake za biashara zilikuwa zimeshachapishwa. Onyo la pili: usichapishe kadi, bango wala fulana kabla hujaifungua anwani kwa simu ya mtu mwingine ambaye hajaingia kwenye akaunti yako. Onyo la tatu: kama umeshaharibu, nenda Mipangilio (Settings), tafuta uelekezaji maalumu (custom redirects), weka anwani ya zamani upande wa kutoka na mpya upande wa kwenda. Inaokoa.

5. Ukurasa haujiweki kwenye menyu. Nenda Mpangilio (Layout, siyo Mipangilio), fungua gajeti ya Kurasa, yaani kisanduku cha menyu (kama haipo, iongeze), weka alama kwenye kurasa unazotaka zionekane, hifadhi.

6. Kitufe cha kuagiza. Fungua ukurasa, badilisha mwonekano wa uandishi uwe wa HTML (lugha ya kuundia kurasa), bandika hii:

<a href="https://wa.me/2567XXXXXXXX?text=Habari%2C%20nataka%20kahawa%20nusu%20kilo" style="background:#1b7f3b;color:#fff;padding:14px 22px;border-radius:6px;display:inline-block">Agiza kwa WhatsApp</a>

Namba inaanza na 256. Hakuna alama ya kujumlisha, hakuna sifuri ya mwanzo, hakuna nafasi wala vistari. Ukiandika 07 itakataa. Kila nafasi kati ya maneno ni %20. Mteja akigusa, WhatsApp inafunguka na ujumbe umeshaandikwa, yeye anatuma tu. Huyu ndiye mteja ambaye angeona uvivu kuhifadhi namba yako. Usipitishe maandishi haya ya HTML kwenye Word, kwa sababu alama za nukuu zinapinda na kitufe kinakufa.

7. Picha. Simu inatoa picha ya MB tatu, nne. Mteja wako amenunua data ya siku, na tangu Julai 2021 data hiyo ina ushuru wa asilimia 12 juu yake. Usimlipishe uzembe wako. Punguza upana hadi pikseli 1200 kwa Squoosh, ni bure na inafanya kazi ndani ya kivinjari. Picha ya chini ya KB 200 inatosha kabisa kuonyesha punje za kahawa.

8. Mipangilio, washa maelezo ya utafutaji. Andika sentensi moja: unauza nini, uko wapi. Hakikisha pia blogu inaruhusiwa kuonekana kwenye injini za utafutaji.

9. Sasa rangi. Kabla ya kugusa chochote kwenye Mandhari, bofya mshale ulio karibu na kitufe cha kubadilisha, pakua nakala rudufu. Nakala hiyo ni ya sura tu. Maandishi yako yana nakala yao, iko Mipangilio, sehemu ya kusimamia blogu. Chukua zote mbili.

Maswali karibuni. Soma kwanza.

---

Muuza vitenge, Arua: Kaka asante. Nimetengeneza ukurasa lakini hauonekani. Nifanyeje?

Mwandishi: Hatua ya 5.

Muuza vitenge, Arua: Nimeona sasa. Samahani, niliruka.

Mwandishi: Hakuna shida, dada. Weka ule wa bei uwe wa kwanza kwenye orodha. Unauburuta tu juu.

Fundi fenicha, Bwaise: Mzee, ukurasa wangu haufanyi kazi.

Mwandishi: Upi? Anwani gani? Haufanyi kazi kivipi: haufunguki, unafunguka mtupu, au kitufe hakishiki?

Fundi fenicha, Bwaise: Kitufe. Kinasema namba si sahihi.

Mwandishi: Nionyeshe ulivyoandika namba. Ficha tarakimu za mwisho.

Fundi fenicha, Bwaise: +256 07...

Mwandishi: Hatua ya 6 inasema hakuna alama ya kujumlisha, hakuna nafasi na hakuna sifuri. Wewe umeweka zote tatu.

Haji, Bombo: Assalaam alaykum. Mimi mambo haya siyawezi, macho hayanisaidii. Nikutumie nenosiri uingie unitengenezee?

Mwandishi: Wa alaykum salaam, Haji. Tafadhali usimpe mtu nenosiri, hata mimi. Gmail hiyo ndiyo inafungua na mambo yako mengine yote. Iko njia safi: Mipangilio, sehemu ya ruhusa, alika mwandishi, weka barua pepe yangu nitakayokutumia pembeni. Nikishakubali, nibadilishe niwe msimamizi, maana mwandishi wa kawaida anaandika machapisho tu, si kurasa. Nitaingia kwa akaunti yangu, nitafanya kazi, na nikimaliza unaniondoa kwa kubofya mara moja. Mwombe kijana wako wa nyumbani akufanyie mwaliko huo ukiwa umekaa naye. Nitakutengenezea kurasa mbili, Inshallah, na nitakuandikia kila nilichofanya.

Haji, Bombo: Mungu akuzidishie.

Dereva wa watalii, Sipi: Mgeni akifungua anwani yangu anakuta machapisho ya mwaka jana. Nataka akute ukurasa wa karibu kwanza, wenye picha ya maporomoko. Inawezekana?

Mwandishi: Swali zuri, na inawezekana. Uelekezaji maalumu uleule wa hatua ya 4. Upande wa kutoka andika mkwaju mmoja tu: / . Upande wa kwenda: /p/karibu.html. Kisanduku cha "ya kudumu" usikiweke alama mpaka umeridhika, maana vivinjari vinakariri uelekezaji wa kudumu na utababaika ukitaka kurudi nyuma. Halafu kwenye gajeti ya Kurasa ongeza linki ya nje inayoishia /search, uiite "Habari". Hapo ndipo machapisho yote yatakuwa.

Dereva wa watalii, Sipi: Imekubali! Na je, nikitaka safari za siku moja zikae peke yake?

Mwandishi: Zipe machapisho hayo lebo moja, mfano Siku-moja, kisha linki ya menyu iwe /search/label/Siku-moja. Herufi kubwa na ndogo zinahesabiwa. Ukiandika siku-moja mahali pengine, hizo ni lebo mbili.

Kijana wa Kikuubo: Blogger ni ya zamani bro. Kuna templeti kali za bure mtandaoni, kwa nini unawapa watu Contempo?

Mwandishi: Kwa sababu nimefungua ndani ya hizo templeti kali. Nyingi zina linki ya mtengenezaji chini, na skripti iliyofichwa: ukiifuta linki, wateja wako wote wanapelekwa kwenye tovuti yake. Nyingine zinapakia mafaili mpaka mteja anaghairi. Kama unajua kusoma HTML, tumia. Somo hili ni la anayeuza vitenge na ana saa moja jioni.

Kijana wa Kikuubo: Mi nilikuwa nauliza tu.

Mwandishi: Na mimi nimejibu. Ukipata iliyo safi, iweke hapa, nitaipitia mstari kwa mstari.

Mshona mikoba ya lubugo, Masaka: Wateja wangu wengine ni wageni wanaopenda lubugo, kitambaa cha gome la mti, kwa sababu walisoma iko kwenye orodha ya UNESCO. Kurasa zangu hazionekani Google, machapisho yanaonekana. Kwa nini?

Mwandishi: Umechunguza vizuri, dada. Ramani ya tovuti inayoitwa sitemap.xml ina machapisho peke yake. Kurasa zina ramani yao: sitemap-pages.xml. Fungua Google Search Console (zana ya Google ya kusimamia tovuti yako inavyoonekana kwenye utafutaji) kwa Gmail ileile, ongeza blogu yako, kisha wasilisha zote mbili. Google inachukua muda wake, usiwasilishe kila siku. Na kwenye picha za mikoba, bofya picha, andika maelezo yake: "mkoba wa lubugo wenye mpini wa ngozi". Usiache IMG na namba. Google haiwezi kujua kwamba hilo ni gome la mti wa mutuba lililopondwa kwa mkono mpaka umwambie.

Mshona mikoba ya lubugo, Masaka: Nikiweka picha za ujumbe wa wateja wanaonisifia, ni sawa?

Mwandishi: Omba ruhusa kwanza, na funika namba na picha ya wasifu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, na hata isingekuwepo, mteja aliyekuandikia usiku kuhusu mkoba wa harusi hakuandikia dunia nzima.

Muuza asali, Yumbe: Nikinunua jina langu la .ug, kurasa zote zinahama?

Mwandishi: Anwani za mwisho, /p/bei.html na wenzake, zinabaki. Blogger yenyewe inamwelekeza mtu kutoka ile ya blogspot kwenda jina jipya. Kwa aliyekuuzia jina, utaweka rekodi mbili za CNAME (mistari inayoelekeza jina lako kwenye blogu): ya www ielekee ghs.google.com, na ya pili ambayo Blogger itakuonyesha, ni ya kwako peke yako. Andika jina likiwa na www, bila hiyo linakataliwa. Kisha washa HTTPS (muunganisho salama) na usubiri.

Muuza vitenge, Arua: Nimerudi. Nina bango dukani, niko TikTok, na niko kwenye hali ya WhatsApp. Nitajuaje mteja ametoka wapi?

Mwandishi: Hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri. Tengeneza linki tatu za wa.me, namba ileile, ujumbe tofauti. Ya bango, igeuze kuwa msimbo wa QR: "Habari, nimeona bango la dukani". Ya TikTok: "Habari, nimeona video". Ya hali: "Habari, nimeona hali yako". Ujumbe ukiingia, mstari wa kwanza unakwambia. Mwisho wa mwezi zihesabu.

Muuza vitenge, Arua: Kumbe! Na wanaofuta ule ujumbe wakaandika wa kwao?

Mwandishi: Wapo, wachache. Hao waulize tu baada ya kuuza, siyo kabla.