Jinsi ya kumwandika Mfulani bila kuulizwa "fulani nani?"

Kwenye grupu letu la WhatsApp, la watu wa Masasi, mtu katupia "Fulani wagombana na wakulima Nigeria", akimaanisha Wafulani, kabila la Afrika Magharibi, jibu la kwanza likawa fulani gani huyo, si umtaje tu unaogopa nini.

Sasa ili yasikukute, andika Mfulani, Wafulani, na herufi kubwa, maana fulani yetu imetoka Kiarabu haina undugu na watu hao, majina yamegongana tu. Na hilo Fulani lenyewe ni la Wahausa, majirani zao. Wenyewe wanajiita Fulbe, mmoja ni Pullo, yani kama Mmakonde na Wamakonde ila wao wanageuza mwanzo na mwisho wa neno. Mi naona Wafulbe ndo lina heshima zaidi, ila mara ya kwanza taja na Wafulani hapohapo, la sivyo msomaji wa Nachingwea unamwacha stendi.

Ukitafuta Google usiandike fulani peke yake, utaletewa umbea wa nchi nzima. Habari za Senegal, Guinea na Mali nyingi ni za Kifaransa, tafuta Peul. Lugha nayo inabadilika jina, Senegal wanasema Pulaar, Guinea Pular, Nigeria na Kameruni Fulfulde. Afu kuna ndugu wawili wa Guinea, Ibrahima na Abdoulaye Barry, walianza kuitungia alfabeti 1989 wakiwa bado watoto, inaitwa Adlam na leo ipo mpaka kwenye simu!

Kingine, sio kila Mfulani ana fimbo na ng'ombe. Huku Lindi na Mtwara ng'ombe akionekana kwenye mikorosho tu, utasikia Wamang'ati hao, hata kama mwenye mifugo ni Msukuma, na hao Wamang'ati wenyewe wanajiita Wadatoga, Mang'ati ni jina walilopewa na Wamasai, maana yake maadui. Wafulani nao hubandikwa ufugaji hivyohivyo, wakati Usman dan Fodio, aliyeongoza jihadi ya 1804 iliyozaa dola ya Sokoto huko Nigeria, alikuwa Mfulani, shehe na mwandishi wa vitabu. Kwahiyo kama habari ni ya ugomvi wa malisho sema wafugaji wa wapi, usiwabebeshe lawama watu wote waliotapakaa kuanzia Senegal mpaka Sudan.

Ukikuta Fulɓe imeandikwa na b yenye kikia juu usihangaike na kibodi, isome kama b ya baba.