Kukomaza kichujio cha tangi la tilapia: bakteria wa nitrojeni na majirani zao

Samaki wakianza kuhema juu ya maji, watu wengi hudhani bakteria wa nitrojeni, wale wanaosafisha amonia katika kichujio, hawajatosha. Mara nyingi wapo, ila majirani zao wamewamalizia hewa. Mwongozo huu wa kukomaza kichujio, yaani kuwakuza bakteria hao mpaka watoshe, ni wa tangi la lita 1,000 linalozungusha maji, la kulisha hadi gramu 100 za chakula kwa siku, katika joto letu la Mombasa ambapo maji hukaa kati ya nyuzi 26 na 31.

Samaki hutoa amonia kupitia mashavu. Bakteria waitwao Nitrosomonas huigeuza kuwa nitriti, kisha wengine, Nitrospira na Nitrobacter, huifanya nitrati. (Mwaka 2015 ilithibitishwa kwamba wapo Nitrospira wanaofanya kazi zote mbili peke yao.) Bakteria hawa wa nitrojeni hujijenga kwa kaboni iliyoyeyuka majini, ndiyo maana hukua polepole: kuongezeka maradufu huwachukua saa nyingi, hata siku nzima. Bakteria wala uchafu, wanaoishi kwa mabaki ya chakula na kinyesi, wanaweza kuongezeka maradufu chini ya saa moja wakishiba. Kila hatua hapa chini inalenga kuzuia hawa wa pili wasiwafunike wa kwanza.

Hatua ya 1: Mapipa mawili, si moja

Chukua mapipa mawili ya plastiki ya lita 200. La kwanza ni la kutuliza uchafu: maji yaingie polepole kwa pembeni, yatokee juu, na chini uweke bomba la kutolea tope. La pili ndilo la bakteria. Litie lita 120 za kokoto za milimita 20 zilizooshwa. Uzito wake unakaribia kilo 200, kwa hiyo lisimame chini, si kwenye roshani. Ukitaka wepesi, tumia vifuniko vya chupa za soda. Chini ya kokoto laza mawe ya pampu ya hewa, na chini kabisa weka bomba la kumwagia maji. Lifunike, kwani mwanga huwadhoofisha bakteria wa nitrojeni na hukuza mwani. Pampu izungushe lita 1,000 kwa saa.

Anayeruka pipa la kwanza kwa kubana matumizi huilipa pesa hiyo baadaye kwa samaki.

Hatua ya 2: Maji

Maji ya mfereji yaache saa 24 yakipigwa hewa ili klorini itoke. Ya kisima, hasa visima vilivyochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, huja na chokaa ya kutosha, jambo zuri kwani hukinga maji yasiwe na asidi (tazama hatua ya 5). Kama yana chumvi, kumbuka huja pia na salfeti (chumvi yenye salfa). Hiyo haina madhara mpaka pale hewa inapokosekana ndani ya kokoto: hapo huamka bakteria wanaovuta salfeti badala ya oksijeni na kutoa gesi yenye harufu ya yai viza, ambayo ni sumu kwa samaki na kwa bakteria wako.

Hatua ya 3: Mbegu na amonia

Mbegu bora ni ndoo moja ya kokoto kutoka tangi la mtu ambalo samaki wake ni wazima. Usichukue tope la mikokoni. Lina bakteria tele, lakini weusi ule na harufu ile ni kazi ya hao wa salfeti.

Kabla ya samaki, tia gramu 10 za salfeti ya amonia, ile mbolea inayoitwa S.A. madukani, yenye nitrojeni asilimia 21. Hiyo hukupa takriban miligramu 2 za nitrojeni kwa lita. Usitumie mbolea ya CAN, maana tayari ina nitrati na itakuvurugia vipimo. Urea nayo lazima kwanza ivunjwe na bakteria wenye kimeng'enya chake, hivyo hutajua amonia itatokea lini.

Hatua ya 4: Pima, usidanganyike

Pima amonia, nitriti na nitrati kila baada ya siku mbili. Amonia itashuka kwanza, nitriti itapanda na kukaa juu kwa siku kadhaa, kisha nitrati itaanza kupanda. Amonia ikiisha ongeza nyingine, lakini usimimine nyingi: amonia ikizidi huwazuia hasa wale wanaokula nitriti. Bila mbegu tarajia wiki 3 hadi 6.

Amonia kushuka peke yake si ushahidi. Lijaribu hili. Chukua ndoo mbili za lita 10, kila moja na konzi ya kokoto zilizokomaa, hewa, na amonia ya kiwango kilekile. Moja itie gramu 1 ya sukari, kama robo ya kijiko cha chai. Baada ya siku moja au mbili ndoo ya sukari huwa nyeupe kama tui jepesi. Amonia yake imeshuka, pengine haraka kuliko ya pili, lakini nitrati haijapanda inavyostahili. Nitrojeni imeingia katika miili ya bakteria wala sukari. Wakifa, amonia hurudi. Hivyo ndivyo tope na chakula kilichobaki hufanya katika tangi lako, ila kimyakimya.

Kichujio kimekomaa pale dozi ile ya gramu 10 inapoisha ndani ya saa 24, nitriti ikawa sifuri, na nitrati ikapanda.

Hatua ya 5: Samaki na alkali

Badilisha nusu ya maji, tia vifaranga, anza na gramu 10 za chakula kwa siku, uongeze gramu 10 kila baada ya siku nne iwapo nitriti haionekani. Ikionekana, punguza chakula na tia kilo 1 ya chumvi isiyo na iodini kwenye tangi: kloridi huizuia nitriti isipite mashavuni. Kisima chako kikiwa cha chumvi, huenda hata usiihitaji chumvi hiyo.

Gramu 100 za chakula huzaa karibu gramu 3 za nitrojeni ya amonia. Kuigeuza yote hula oksijeni gramu 14 na alkali (nguvu ya maji ya kuzuia asidi) inayolingana na gramu 36 za bikaboneti ya soda kila siku. Pima alkali, isishuke chini ya miligramu 100 kwa lita, na fidia kwa bikaboneti ileile ya keki. Usitumie magadi ya maharagwe. Hupandisha pH (kipimo cha asidi na alkali) ghafla, na katika nyuzi 28 ile aina ya amonia yenye sumu huwa chini ya asilimia 1 ya amonia yote pH ikiwa 7, lakini hukaribia asilimia 7 pH ikifika 8.

Hatua ya 6: Usome utando

Toa kokoto moja kila wiki uipapase. Utando mwembamba wa kahawia, usioteleza sana, ndio unaoutaka: bakteria wala uchafu wachache wako juu, wakiwakinga wa nitrojeni dhidi ya vijidudu vinavyowatafuna. Ute mnene wa kijivu maana yake tope linapita pipa la kwanza. Mwaga tope hilo kila siku. Weusi na harufu chini ya utando maana yake hewa haifiki. Suuza nusu tu ya kokoto, kwa maji ya tangi, kamwe si ya mfereji.

Stima ikipotea zaidi ya saa moja, usiwashe pampu hivihivi ikirudi. Fungua bomba la chini, maji yaliyolala katika pipa yamwagike nje kwanza, kwani huenda yameishiwa hewa na kubeba gesi ile ya yai viza. Ukijua itachukua saa nyingi, toa maji yote pipani mapema na uache kokoto zikiwa na unyevu, zimefunikwa: hewa itawafikia bakteria. Baadaye lisha nusu kwa siku mbili na upime nitriti, maana wale wanaoila ndio huchelewa kurudi kazini.